Miti Haingoji Mvua

Maneno haya niliyasema mimi, afisa misitu (bwana miti), mwezi Oktoba katika ukumbi wa kata mmoja wilayani Kongwa, mbele ya wakulima, wafugaji na walimu. Nimeyaandika kwa ajili ya wale waliokosa nafasi ya kufika. Picha za ukutani nimeziacha, na utani mwingine pia.

Mbukwenyi! (Salamu ya Kigogo.)

Mbukwenyi tena, maana wa nyuma sijawasikia.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, akina mama mlioacha kazi nyumbani, walimu, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoke mapema: nimewaona. Asanteni kwa kuja.

Asubuhi hii, kabla sijaingia humu, mzee mmoja alinishika mkono pale nje akaniambia, "Bwana Miti, umekuja kuzungumzia miti? Miti ipi? Nchi imekufa." Akanyoosha fimbo yake huku na huku. Kweli, nilichokiona ni vichaka vyeupe kama mifupa, nyasi zimeisha, na mbuzi mmoja anatafuna kipande cha boksi. Mvua ya maana ilikatika Aprili. Hesabuni wenyewe: Mei, Juni, Julai, Agosti, Septemba, na sasa Oktoba. Mwaka mzima hapa Dodoma tunapata chini ya milimita 600, na zote zinakuja kwa mkupuo mmoja, kisha mbingu inafungwa.

Sikumjibu pale pale. Nilimwambia, mzee wangu, kaa mbele, jibu lako ndiyo hotuba yenyewe. Amekaa pale, ananitazama. Basi, mzee, nakujibu: nchi haijafa. Iko kazini. Kwa mti wa nyika, hakuna msimu wenye kazi nyingi kama kiangazi, ila kazi hiyo inafanyika mahali ambapo mimi na wewe hatuna desturi ya kutazama.

Mimi ni mtoto wa misitu ya miombo. Nimezaliwa Sikonge, mkoa wa Tabora, baba yangu akiwa mrina asali. Mizinga yetu ilikuwa ya magome ya myombo, na magome hayo yalibanduliwa wakati wa mvua, kwa sababu wakati huo gome linaachia kama ganda la ndizi. Jaribu mwezi wa saba uone. Gome limeng'ang'ania mti kana kwamba limepigwa gundi. Mtoto wa mrina asali anajua msimu kwa vidole kabla hajaujua kwa kalenda.

Sasa, kuna jambo lililonisumbua utotoni. Mwezi wa saba na wa nane, mitundu na miombo, miti mikuu ya misitu ile, inapukutisha majani. Unatembea msituni miguu inalia kwacha kwacha. Mchana jua likiwa kali unasikia pa! Unageuka, hakuna mtu. Ni ganda la mtundu limepasuka. Ganda lile ni gumu kama ubao. Jua linalikausha, pande zake mbili zinavutana kujipinda, zinavutana, hadi zinaachana kwa ghafla na mbegu zinarushwa mbali na mama yao. Sisi watoto tulikuwa tunakaa kimya tukihesabu milio.

Halafu inafika Septemba. Joto limepanda, visima vya mtoni vinachimbwa hadi mtu anazama kiunoni, na hakuna hata wingu. Ndipo msitu mzima unageuka mwekundu. Majani mapya! Mengine mekundu ya damu, mengine rangi ya shaba, mengine ya waridi. Siku chache baadaye yanaanza kuwa kijani. Mvua? Mvua Tabora ni Novemba.

Nikamuuliza baba: nani ameimwagilia?

Baba alicheka tu. Jibu nilikuja kulipata chuoni, na nitawapa kwa lugha ya ukumbi huu. Mti unavuta maji kutoka mizizini hadi jani la juu kabisa kama uzi mmoja usiokatika. Jani ndilo linalovuta, kwa kuachia mvuke kupitia vitundu vyake vidogo. Udongo ukikauka, uzi unakazwa. Ukikazwa kupita kiasi unakatika, hewa inaingia kwenye mirija, na tawi linakufa. Mti ufanyeje? Unaangusha majani. Unafunga duka kabla ya kufilisika. Lakini angalieni kinachofuata: majani yakishaanguka, hakuna anayevuta tena kwa nguvu, na mizizi mirefu bado imegusa unyevu kule chini. Maji yanapanda polepole, shina linajaa. Siku zinaporefuka na joto likipanda, mti una akiba ya kutosha kufungua machipukizi. Ule wekundu nao wataalamu wanaueleza kuwa ni kinga ya jani changa dhidi ya jua kali, mpaka jani likomae.

Na kwa nini usisubiri mvua? Jamani, mkulima gani hapa anaanza kunoa jembe mvua ikishanyesha? Mvua ya kwanza ikigusa ardhi, rutuba inafunguka kwa wiki chache tu. Mti ambao tayari una majani unakula kwanza. Aliyesubiri anakuta sahani zimeoshwa.

Kwa hiyo miombo haingoji mvua. Inaitangulia.

Wa hapa Kongwa mtasema, Bwana Miti, hayo ya Tabora, sisi hatuna mitundu. Sawa. Mna mibuyu.

Mbuyu niuzungumzie kwa ufupi, maana hapo nina deni. Kwa miaka mingi nilifundisha watoto wa shule kwamba mbuyu ni tangi: unajaza maji masika, unayanywa kiangazi. Linaingia akilini, mwalimu anafurahi, mtoto anachora tangi. Kumbe nilikuwa nimesema nusu tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti walipima mibuyu ya Madagaska, jamii ndugu za mbuyu wetu, wakakuta kwamba maji ya kwenye shina yanatumika, lakini kwa kazi maalumu: kutoa majani mapya kabla ya mvua. Majani hayo yakishatoka, vitundu vyake havifunguki sawasawa mpaka mvua ifike. Mti hauli akiba kila siku. Ubao wake ni laini kama sifongo, na maji hayo hayo ndiyo yanayousaidia usimame wima. Ukiyanywa yote, unalala chini.

Akina mama wa vikoba, mnanielewa kuliko wengine. Mbuyu hauvunji kibubu kwa ajili ya chumvi. Unakivunja mara moja, kwa mtaji.

Na katikati ya kiangazi, ukiwa hauna jani hata moja, haujalala. Nendeni mkakwaruze gome lake kidogo kwa ukucha, ngozi ya juu tu. Chini yake mtaona kijani. Gome lenyewe linapika chakula kwa mwanga wa jua, bila majani. Ile miti yenye magome yanayomenyuka kama karatasi, ya jamii ya manemane, mnayochomeka kuwa uzio wa zizi ikachipua, nayo ina ujanja huo huo.

Nimeona vijana wameanza kuangalia simu. Ngojeni kidogo, nakuja kwenye jambo lililonileta.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipangiwa Tabora, karibu na nyumbani. Nilipewa daftari na kazi ya kufuatilia miche ya mninga iliyoota yenyewe msituni. Mninga mnaufahamu: milango, vitanda, makabati ya maharusi. Masika niliihesabu, nikaiwekea vijiti vyekundu. Agosti nikarudi. Vijiti vipo, miche hakuna. Yote imekauka, mingine imepitiwa na moto. Nikaandika kwenye daftari, mstari kwa mstari: imekufa, imekufa, imekufa.

Nilikuwa na mzee mmoja mrina asali, ndiye aliyekuwa akinionyesha njia. Hakujua kusoma, lakini aliona mkono wangu unaandika jambo lile lile. Akaniuliza, "Mwanangu, unaandika nini?" Nikamwambia, babu, naandika kwamba imekufa. Hakusema kitu. Akapiga goti penye kijiti, akachomoa kisu, akaanza kuchimba. Ardhi ngumu, vumbi linamrudia usoni. Alichimba hadi mkono wake ukaingia karibu na kiwiko, kisha akaniita niangalie. Palepale, chini ya kile kijiti cha kuungua nilichokiandikia kifo, kulikuwa na mzizi mnene kama dole gumba langu, umenyooka chini kama muhogo. Akaukwangua kidogo kwa ncha ya kisu. Majimaji mekundu yakatoka.

Akaurudishia udongo kwa kiganja, taratibu, kama anayemfunika mtoto. Akasema, "Huyu anajenga. Hajafika juu bado."

Ndugu zangu, nilifuta kurasa tatu.

Mninga ndivyo unavyokua. Mche unaota masika, kiangazi unakauka hadi ardhini. Mwaka unaofuata unaota tena, unakauka tena. Hivyo hivyo miaka kumi, wakati mwingine zaidi. Kwa macho yetu ni kijiti kinachokufa kila mwaka. Kwa kweli kila masika kijiti hicho kinapika chakula na kukipeleka chini, mzizi unanenepa. Siku akiba ikitosha, mti unapiga ruka moja na kupita kimo cha moto wa nyasi, na baada ya hapo hauangalii nyuma. Mti wa mninga ukiukuta na urefu wa mtoto wa darasa la kwanza, usiuite mtoto. Huenda una umri wa kuoa.

Mnataka ushahidi mkubwa zaidi ya kisu cha babu? Upo hapa hapa Kongwa. Wazee, ni nani hakusimuliwa habari za karanga? Mwaka 1947 Waingereza, ambao baada ya vita walikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia, walikuja hapa na mpango wa kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika. Walileta matingatinga yaliyobaki vitani. Walichukua hata vifaru vya kivita wakavigeuza matrekta. Walifunga mnyororo mkubwa kati ya matingatinga mawili, wakawa wanaukokota na kulaza vichaka. Kulaza vichaka, kwa kiasi fulani, waliweza. Kilichowashinda ni kilichobaki chini. Mizizi ilisukwa ndani ya udongo kama mkeka, na kiangazi udongo wa hapa unakuwa tofali. Majembe ya chuma yalipinda, yakalika, yakavunjika. Mvua nayo ikaja ilivyotaka yenyewe. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, baada ya kumeza mamilioni ya pauni.

Sisemi kwamba mizizi peke yake ndiyo iliyowashinda; walishindwa na mengi, hesabu zao kwanza. Lakini walipima nchi hii kwa kile kilichoonekana juu. Waliona kichaka chembamba wakadhani na mzizi wake ni mwembamba.

Tusiwacheke sana, kwa sababu mimi nilifanya yale yale, tena bila tingatinga. Kuna wilaya nilifanya kazi, sitaitaja, tulipewa agizo la kupanda miti. Tulichagua eneo, tukawaita wananchi wafyeke vichaka vyote ili pawe safi. Pakawa safi kweli. Tukachimba mashimo kwa mistari, tukapanda miche ya kigeni, picha zikapigwa. Hiyo ilikuwa Januari. Oktoba nikapita pale peke yangu. Miche yetu ilikuwa imebaki vijiti ndani ya mashimo. Na kati ya mistari, kule tulikofyeka, vilikuwa vimechipua vichaka vya kimo cha kiuno, kijani kibichi, bila tone la mvua na bila mtu kuvimwagilia. Kila kilichokuwa hai pale ni kile tulichokuwa tumekikata.

Ripoti ilisema zoezi limefanikiwa. Niliiandika mimi.

Sasa ninauliza, na mnijibu kimoyomoyo: shambani kwako, vile vijichipukizi unavyovikata kila mwaka unapoandaa shamba, vinavyokukera, vinavyokutoboa kandambili, umewahi kujiuliza vina miaka mingapi? Kile si kichaka. Kile ni mti mzima ulioko chini ya ardhi, na kila mwaka unainua mkono, na kila mwaka tunaukata mkono.

Mwaka 1983, kule Maradi nchini Niger, mtaalamu mmoja kutoka Australia, Tony Rinaudo, alikuwa amechoka kupanda miche inayokufa. Alisimamisha gari apunguze upepo wa matairi apite kwenye mchanga, akatazama kichaka kilichokuwa pembeni, na akatambua kuwa ni kisiki cha mti kinachochipua. Alikuwa amevipita visiki kama hivyo miaka yote. Wakaanza kuvitunza badala ya kupanda, na leo mamilioni ya hekta kule Niger yana miti iliyorudi kwa njia hiyo. Hapa kwetu mnaiita kisiki hai, na baadhi yenu humu ni mabingwa kunishinda.

Wasukuma nao walikuwa wameshajua. Shinyanga ilikatwa miti hadi ikaitwa jangwa, kwa ajili ya kufukuza mbung'o, kwa ajili ya pamba, kwa ajili ya kuni. Ulipoanza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, mwaka 1986, kazi kubwa haikuwa miche. Ilikuwa kurudisha ngitili, desturi ya zamani ya kufunga eneo la malisho mvua zinapoanza na kulifungulia mifugo katikati ya kiangazi. Mwaka ule zilikuwa zimebaki hekta 600 hivi. Miaka kumi na tano baadaye zilipita 300,000. Ng'ombe walipozuiwa wakati wa mvua tu, mizizi ilijua la kufanya.

Nimalizie na mti mmoja mkaidi, halafu tutoke, maana na mimi jua linanichoma hapa dirishani.

Miti yote niliyoitaja inafuata mpango mmoja: majani masika, uchi kiangazi. Mkababu umekataa. Mkababu unapukutisha mvua zinapoanza, unakaa uchi masika yote, kisha nyasi zikikauka unavaa. Wageni wanapouona Januari wanadhani umekufa. Mama mmoja tarafa jirani alikuwa nao katikati ya shamba. Akaja mtaalamu, akamwambia mti shambani unaiba chakula cha mahindi, aukate. Mama akaniambia, "Nilimwitikia ndiyo, nikamkaribisha uji, akaondoka. Huo mti nimeukuta kwa mama mkwe wangu, na mahindi yaliyo chini yake ndiyo ninayovuna kwanza."

Mama alikuwa sahihi, na sababu si uchawi. Mzizi wa mkababu unashuka hadi maji ya chini kabisa ya ardhi, ndiyo maana haujali mbingu inasema nini. Mahindi yakiwa shambani, mti hauna kivuli wala hausumbui. Majani umeyaangusha wakati wa kupanda, yanaoza yakiwa mbolea, na mizizi yake, kama ile ya maharage, inaongeza naitrojeni ardhini. Kiangazi, wakati ng'ombe wanalamba vumbi, ndipo unapowapa kivuli na yale maganda ya rangi ya chungwa yaliyojikunja. Vijana wa mbuzi mnayajua; mnayaangusha kwa upembo.

Kwa nini ukageuza majira? Wenzangu bado wanabishana. Mimi napenda kuamini ni kiburi tu. (Kicheko.) Lakini mwenye mzizi unaofika majini anaweza kuwa na kiburi.

Mzee wangu wa fimbo, bado upo? Vizuri. Nyuma ya ukumbi huu, karibu na choo, asubuhi nimeona kisiki. Kimekatwa mara nyingi, nimehesabu machipukizi kumi na moja. Twende wote. Tutachagua matatu yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine tutayaondoa karibu na shina, yale matatu tutayapogolea chini hadi nusu ya kimo, tutayafunga kitambaa chekundu ili mfyekaji asije akasema hakuona, na tutaweka miiba ya kuzuia yule mbuzi wa maboksi. Panga ninalo. Kitambaa mwenyekiti ameahidi kutoa leso yake.